Koti la Sufu Lililoshonwa Nyumbani ni Mtoto wa Kiwanda

Katika historia ya mavazi ya Ulaya na Amerika ya Kaskazini kuna simulizi moja linalorudiwa mno hadi limeota mizizi. Linasema kwamba hapo kale kila kaya ya nchi za baridi ilijivisha yenyewe: kondoo walikatwa manyoya zizini, wanawake wakasokota uzi, wakafuma kitambaa, na kabla theluji haijaanguka koti la sufu lilikwisha shonwa kando ya moto. Kisha vikaja viwanda vikaua ufundi huo, na leo anayeketi kushona koti lake nyumbani anahesabiwa kuwa anafufua mila ya mababu. Kwa upande wa uzi na kitambaa simulizi hili lina ukweli mwingi. Kwa upande wa koti halina. Kwa karne nyingi koti la sufu lenye kola, bitana na mabega yaliyokaa sawasawa lilikuwa kazi ya fundi anayelipwa, na mara nyingi kazi iliyolindwa kwa sheria. Nyumba ilipata uwezo wa kulishona baada tu ya kiwanda kuiletea mashine, kiolezo cha karatasi na kitambaa cha bei nafuu. Ninachotaka kuonyesha hapa ni kwamba koti la nyumbani ni mtoto wa kiwanda. Lilizaliwa navyo viwanda, likakua navyo, na hata kufifia kwake kulitokea pale viwanda vilipobadili njia zake.

Anayejua kushona shati au gauni la kitenge anaweza kudhani kwamba koti ni shati nene. Tofauti iko ndani, mahali pasipoonekana. Unyoya wa sufu una magamba madogo sana. Ukipata joto, unyevu na mgandamizo hulainika, hukubali kuvutwa au kusinyazwa, na ukipoa hubaki katika umbo uliopewa. Pamba haina tabia hiyo. Fundi wa koti anaishi kwa tabia hiyo. Tazama kola peke yake: kipande chake cha chini hukatwa kwa hanamu, kikawekewa kitambaa kigumu cha kitani kilichochanganywa na singa za farasi, kisha vitambaa hivyo viwili vikashikanishwa kwa mamia ya mishono midogo ya mshazari. Wakati wote huo kipande kimepindwa juu ya kidole cha shahada, ili kila mshono uvute kidogo kuelekea ndani, na sindano huchota nyuzi moja au mbili tu za sufu bila kutokeza upande wa pili. Kazi ikiisha, kola hujikunja yenyewe hata ikilazwa mezani. Kichwa cha mkono nacho hukatwa kikubwa kuliko tundu la bega kwa sentimita kadhaa, kikapigwa bandi, kikavutwa, halafu ile ziada ikasinyazwa kwa pasi na kitambaa kilicholoweshwa mpaka usione mkunjo hata mmoja. Kabla ya yote hayo jora lenyewe lazima livukizwe, lisije likasinyaa baada ya kushonwa. Pasi inafanya kazi sawa na sindano, na mtu asiyeonyeshwa mambo haya hawezi kuyabuni kwa kulitazama koti likiwa limetundikwa.

Ufundi wa namna hiyo ulikuwa mali, na wenye mali waliuwekea kufuli. Mwaka 1675 Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa aliwaruhusu wanawake washonaji wa Paris kuwa na chama chao cha ufundi. Walipewa haki ya kushona nguo nyingi za wanawake na za watoto. Nguo za wanaume zilibaki mikononi mwa mafundi wanaume, pamoja na viwiliwili vya magauni rasmi vilivyokazwa kwa mifupa. Hebu fikiri: hata mwanamke aliyeshona kwa kutafuta riziki, tena mwenye ujuzi, alihitaji hati ya mfalme ili amshonee mwanamke mwenzake gauni. Nchini Uingereza katika karne iliyofuata, bibi tajiri aliyetaka vazi la sufu la kupandia farasi alikwenda kwa fundi wa makoti ya wanaume, ingawa magauni yake mengine yote yalishonwa na wanawake. Nyumbani kulishonwa mashati, shimizi, mashuka, kofia za kulalia na nguo za watoto wachanga: mambo ya kitani na pamba, yaliyokatwa kwa mraba na mstatili. Mama na binti zake waliijua sindano vizuri sana, pengine kuliko mafundi wenyewe kwa unadhifu wa mshono. Walichokosa ni ule mkato na ile pasi.

Kulikuwa pia na sababu ya fedha, nayo kwangu ina uzito kuliko ya sheria. Katika koti la zama zile sehemu kubwa ya gharama ilikuwa kitambaa. Ujira wa kushona ulikuwa mdogo ukilinganishwa nacho. Kitabu cha Juan de Alcega kilichochapishwa Madrid mwaka 1580, ambacho ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya mafundi cherehani kabla cherehani haijakuwapo, kinashughulika zaidi na jambo moja: jinsi ya kulaza vipande vya joho, gauni na koti juu ya vitambaa vya upana mbalimbali ili kisipotee hata kipande. Hakimfundishi mtu kushona. Anayekinunua anajua kushona tayari. Anachokiogopa ni mkasi. Mkasi ukikosea kwenye shati la kitani hasara inavumilika. Ukikosea kwenye yadi nne za sufu nzito, familia imepoteza akiba ya miezi. Nyumba yenye akili timamu ilimwachia hatari hiyo mtu aliyekwisha kata makoti mia.

Hapa msomaji makini atanipinga kwa ushahidi, na ushahidi anao. Mwaka 1921 Poul Nørlund, mwanaakiolojia wa Denmark, alifukua makaburi ya Herjolfsnes, kusini mwa Greenland, akakuta mavazi mengi ya sufu ya karne ya 14 na ya 15 yaliyohifadhiwa na baridi ya ardhi. Wakazi wale wa asili ya Skandinavia walifuma sufu ya kondoo wao wenyewe, na mavazi yao yana mikono iliyotiwa kwa ustadi, vipande vya pembetatu vya kupanua upindo, na kingo zilizotiwa nakshi ya uzi. Hawakuwa na mji wala mtaa wa mafundi. Je, hilo silo vazi la sufu la nyumbani? Ni vazi, ndiyo, na ni zuri. Lakini mengi yake ni kanzu za kuvaa kwa kupitisha kichwani, zinazopata umbo kutokana na vipande vilivyounganishwa. Ndani hamna kitambaa kigumu wala bitana iliyojengwa. Hilo ni tawi jingine la ushonaji, ambalo halikuhitaji yale niliyoyaeleza kuhusu kola na kichwa cha mkono.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi, nalo linatoka Kanada. Kuanzia karne ya 18 watu wa mataifa ya asili na Wametisi, wazao wa wenyeji na Wazungu, walivaa koti refu lenye kofia, lililokatwa kutoka katika blanketi zito la sufu na kufungwa kiunoni kwa mshipi. Kampuni ya Hudson's Bay iliuza mablanketi yenye mistari ya rangi kwa ajili ya biashara ya ngozi, na wanawake wakayageuza kuwa makoti ya kukabili majira ya baridi makali kuliko ya Paris. Mwaka 1811, katika ngome ya Waingereza ya St. Joseph kwenye Maziwa Makuu ya Amerika ya Kaskazini, askari walikosa makoti, na wanawake wa hapo, wa asili na wa Kizungu, wakaajiriwa kushona makoti 40 ya mablanketi. Koti hilo lilishonwa na mikono ya nyumbani bila ubishi. Lakini litazame lilivyokatwa: mgongo ni mstatili, mikono ni mistatili, upindo wa blanketi ndio upindo wa koti, na sufu yenyewe imegandamizwa sana kiwandani hata haichanuki nyuzi, kwa hiyo haihitaji bitana. Joho la waungwana wa Pwani yetu, lililotengenezwa kwa sufu nzito iliyoletwa na meli, nalo ni ndugu wa ukoo huo wa mkato ulionyooka. Na kuna jambo ambalo wapenzi wa koti la blanketi hulisahau: blanketi lile lilifumwa Uingereza na kuuzwa na kampuni ya biashara. Hata huko porini, kitambaa kilikuwa cha kununua.

Ushahidi unaoniridhisha kuliko wote ni wa mafundi wazururaji. Huko Norway, Scotland na New England, ambako kaya nyingi za mashambani kweli zilisokota na kufuma sufu yao, fundi wa makoti alikuwa akipita shamba kwa shamba. Alifika na mkasi, pasi na sindano zake, akakaribishwa chakula na mahali pa kulala, akaketi mezani siku kadhaa akikata na kushona mavazi ya mwaka ya familia, kisha akahamia kwa jirani. Huko New England walikuwapo pia mafundi wanawake waliozunguka hivyo hivyo kwa ujira mdogo zaidi. Kama kaya iliyoweza kumlea kondoo hadi akawa jora la kitambaa bado ilimsubiri mgeni aje kulikata jora hilo, basi lile simulizi la koti kando ya moto limeanguka lenyewe. Nyumba ilitoa kitambaa. Koti lilitoka kwa mgeni.

Cherehani ndiyo iliyoanza kubadilisha mambo, ingawa ilipoanza haikuwa na habari na nyumba. Barthélemy Thimonnier alipata hataza ya mashine yake Ufaransa mwaka 1830, akaitumia kushona sare za jeshi. Mafundi wa Paris wakavamia karakana mwaka uliofuata wakazivunja mashine, kwa kuwa walielewa vizuri mno maana yake. Hataza ya Elias Howe ni ya mwaka 1846, ya Isaac Singer ni ya 1851. Bei ilikuwa kubwa kwa kaya ya kawaida, mpaka Edward Clark, mshirika wa Singer, alipoanzisha mwaka 1856 utaratibu wa kulipa kidogo kidogo huku mashine tayari iko nyumbani. Miaka ya 1870 hataza kuu zilikwisha muda na bei zikashuka. Kiwanda cha Singer cha Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa mwaka 1885, kilifika kutoa zaidi ya mashine milioni moja kwa mwaka kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, na ile cherehani nyeusi yenye maandishi ya dhahabu ikaenea hadi vibarazani kwa mafundi wa Mombasa na Zanzibar.

Kuna takwimu moja ya zamani ambayo hutajwa mara kwa mara lakini haifasiriwi ipasavyo. Kampuni ya Wheeler & Wilson ya Marekani ilitangaza kwamba shati la kiungwana lilichukua saa 14 na dakika 26 kwa mkono, na saa 1 na dakika 16 kwa mashine; koti refu la kiume lilichukua saa 16 na dakika 35 kwa mkono, na saa 2 na dakika 38 kwa mashine. Hizi ni hesabu za muuzaji anayesifu bidhaa yake, na mtu ana haki ya kuzitilia shaka. Hata hivyo, piga hesabu ya uwiano. Kwenye shati mashine ilipunguza muda zaidi ya mara kumi na moja. Kwenye koti, kwa maneno ya muuzaji mwenyewe, mara sita tu. Koti lilikuwa gumu kumezwa na mashine. Mashine ilipiga mishono mirefu ya mgongo, ya ubavu na ya bitana, lakini kola, kifua na mabega vilibaki kwa mkono na pasi. Kwa hiyo cherehani peke yake haikutosha kuliingiza koti nyumbani. Iliondoa uchovu; ujuzi wa kukata haikuuleta.

Ujuzi huo uliletwa na karatasi, na walioutoa ni mafundi wenyewe. Tangu mwanzoni mwa karne ya 19 mafundi walikuwa wameanza kutumia futi ya utepe yenye inchi, badala ya vile vipande vya karatasi vilivyokatwa alama za kila mteja, na baadhi yao wakatunga kanuni za kuchora koti kwa hesabu za kifua. Jambo lililoweza kuandikwa kwa hesabu liliweza sasa kuuzwa. Ellen Demorest wa New York aliuza violezo vya karatasi pamoja na jarida lake kuanzia mwaka 1860. Mwaka 1863 Ebenezer Butterick, fundi wa makoti wa mji wa Sterling, Massachusetts, alianza kuuza violezo vilivyotolewa kwa vipimo tofauti vya mwili, akianzia na nguo za kiume na za watoto wa kiume. Za wanawake zilifuata miaka michache baadaye. James McCall, aliyeingia katika biashara hiyo mwaka 1870, naye alikuwa fundi cherehani. Ni jambo la kufikirisha kwamba ile siri iliyolindwa na vyama vya mafundi kwa mamia ya miaka iliuzwa rejareja na mafundi wawili, kwa senti, ndani ya bahasha.

Tusitie chumvi. Violezo vya mwanzo vilikuwa karatasi nyepesi zisizo na maandishi, zenye matundu na vijikato tu vya kuonyesha wapi mikunjo na wapi mishono, na maelezo machache mno. Aliyevinunua bila kujua chochote aliharibu kitambaa. Ilichukua mpaka baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia ndipo karatasi ya maelekezo yenye picha, hatua kwa hatua, ikawa jambo la kawaida ndani ya bahasha, na McCall ikaanza kuchapa mistari na maneno juu ya kiolezo chenyewe. Nikiulizwa tarehe ya kuzaliwa kwa koti la sufu la nyumbani kama tunavyolijua, la kola na bitana, nitataja miaka ile, kati ya 1915 na 1930, wala si enzi za mababu.

Kitambaa nacho kilishuka bei. Mwaka 1813 huko Batley, Yorkshire, Benjamin Law alipata njia ya kuchana matambara ya sufu, kuyarudisha kuwa nyuzi fupi, kuzichanganya na sufu mpya na kufuma upya. Batley na jirani yake Dewsbury ikawa miji ya kusaga matambara ya Ulaya nzima. Kitambaa chake hakikuwa cha fahari na kilichakaa mapema, wakosoaji wakakibeza, lakini kilikuwa sufu, kilikuwa kizito, na kilimfikia mtu ambaye hapo awali alivaa koti la mtu mwingine aliyekwisha kufa. Ile hofu ya mkasi niliyoitaja ikapungua nguvu. Sasa mama aliweza kujaribu.

Kabla ya kufika kwa huyo mama anayejaribu, lazima tupite kwenye nyumba nyingine, maana neno la kushona koti nyumbani lina upande wa giza. Mwaka 1858 John Barran wa Leeds alianza kukata vitambaa kwa msumeno wa utepe uliotokana na ule wa maseremala, tabaka nyingi kwa mkupuo mmoja. Mkato ukawa kazi ya dakika, lakini vipande vile vilihitaji mikono ya kuviunganisha, na mikono ilipatikana kwa bei ya chini zaidi majumbani. Mashariki mwa London na katika nyumba za kupanga za New York, familia za wahamiaji zilipokea mafungu ya makoti yaliyokwisha katwa, zikatia bitana, zikapiga matundu ya vifungo, zikakunja upindo, wanawake na watoto wakiwa chumba kimoja na wagonjwa na vyungu vya chakula. Mwandishi wa habari Jacob Riis aliyaandika ya New York mwaka 1890. Baraza la Malodi la Uingereza lilikuwa na kamati ya uchunguzi wa mateso hayo kuanzia 1888. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1909 iliyoweka bodi za kima cha chini cha mshahara ilianza na kazi nne tu, na mojawapo ilikuwa ushonaji wa makoti na suti za dukani.

Naliingiza jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, linabomoa ule ukuta unaojengwa na wapenda mila kati ya nyumba njema na kiwanda kibaya: mengi ya makoti ya kiwanda yalimaliziwa nyumbani. Pili, linaeleza kwa nini koti la dukani lilishuka bei mapema hata kabla mashine haijaweza kushona kola. Wanaodai kwamba watu wa kawaida waliacha kushona makoti kwa uvivu wasahau hilo. Watu wa kawaida hawakuwa wamewahi kushona makoti hayo kwa ajili yao wenyewe, na waliokuwa wakiyashona usiku na mchana majumbani hawakuwa na uwezo wa kuyavaa.

Kilichofuata ni elimu ya maandishi. Mwaka 1916 ilianzishwa mjini Scranton, Pennsylvania, taasisi ya wanawake ya sanaa na sayansi za nyumbani, na Mary Brooks Picken akawaandalia wanafunzi masomo ya ushonaji kwa njia ya posta, yakiwemo ya koti. Wanawake wa mashambani walisoma barua hizo usiku, wakashona mfano, wakautuma, wakarudishiwa maksi. Mwaka 1941 Wizara ya Kilimo ya Marekani, katika mfululizo wake wa vijitabu kwa wakulima, ilitoa kijitabu kizima juu ya kushona koti nyumbani. Kama ufundi huu ungekuwa unarithiwa kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu, serikali isingekuwa na haja ya kumwandikia mke wa mkulima jinsi ya kukaza kola na kuvukiza kichwa cha mkono. 

Vita ya Pili ya Dunia ndiyo hutolewa kama hoja kubwa dhidi ya maoni yangu: inasemwa kwamba koti la nyumbani ni tunda la dhiki, wala halihusiani na viwanda. Basi tuiangalie Uingereza, ambako nyaraka ni nyingi. Tarehe 1 Juni 1941 Oliver Lyttelton, waziri wa biashara, alitangaza mgawo wa nguo. Kila mtu alipata kuponi 66 kwa mwaka wa kwanza, na kwa kuwa mpango ulifichwa mpaka dakika ya mwisho, kuponi za kwanza zilikuwa zile za siagi bandia zilizokuwamo tayari kwenye vitabu vya mgawo wa chakula. Koti la mwanamke lenye bitana lilikula kuponi 14. Kitambaa cha sufu cha upana wa inchi 36 kilihesabiwa kuponi 3 kwa yadi, na kitambaa kisicho sufu kuponi 2. Chukua kalamu: koti linalohitaji yadi nne za sufu ya upana huo ni kuponi 12, na ukiongeza yadi tatu tu za bitana umefika 18. Kwa kitambaa kipya, basi, aliyeshona nyumbani aliweza kupoteza kuponi nyingi kuliko aliyenunua dukani! Faida ilikuja pale tu kitambaa kilipokuwa kimekwisha kulipiwa zamani: koti la mume aliyeko vitani likafumuliwa na kukatwa upya, lililopauka likapinduliwa upande wa ndani ukawa wa nje, au blanketi likageuzwa koti.

Mwaka 1943 wizara hiyo ya biashara ilitoa kijitabu maarufu cha kutengeneza na kuziba viraka, kikiwa na dibaji ya Hugh Dalton, waziri wake wa wakati huo, na madarasa ya ushonaji yakafunguliwa nchi nzima. Dhiki, naam, iliwasukuma watu. Lakini dhiki ilikuwapo mwaka 1740 pia, tena kubwa zaidi, na haikumfanya mke wa kibarua kushona koti lenye kola. Alivaa shali, au alinunua kuukuu. Kilichomwezesha mjukuu wake wa 1943 ni cherehani iliyokuwa kona ya sebule, kiolezo cha karatasi dukani, na koti la kiwanda la kufumua. Hilo la mwisho watu hulipita haraka. Anayefumua koti lililokatwa na fundi au kiwanda huvipata vipande vilivyokwisha pewa umbo, na kitambaa kigumu cha ndani ambacho wakati wa vita hakikupatikana kirahisi. Mgawo uliendelea hadi Machi 1949, miaka karibu minne baada ya vita kwisha, na vijana waliojifunza katika miaka hiyo ndio waliozishika cherehani za miaka ya 1950.

Kufifia kwa koti la nyumbani naweza kukueleza kwa ufupi zaidi, maana sababu zake hazina mafumbo. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kutumia kitambaa cha gamu, kinachobandikwa kwa joto badala ya kushonwa, na ile mishono mamia ya kola ikawa kazi ya sekunde chini ya mashine ya kugandamiza. Wanawake wengi zaidi waliingia katika ajira, saa zao zikawa na bei. Nyumba na magari vikatiwa joto, koti zito likawa vazi la kupita kutoka mlangoni hadi garini. Ushonaji wa kiwandani ukahamia nchi za ujira mdogo, mpaka ikawa yadi tatu za sufu nzuri zinauzwa ghali kuliko koti lililokwisha shonwa. Mwaka 1980 kiwanda cha Singer cha Clydebank kilifungwa. Angalia mpangilio huo: kiwanda cha makoti kilipopata gamu na kiwanda cha cherehani kilipokufa, koti la nyumbani nalo likapungukiwa pumzi. Lilikuwa limefungamana navyo muda wote.

Kuna atakayesema kwamba nimemdharau mshonaji wa leo kwa kumnyima mababu. Sidhani. Anayeshona koti la sufu nyumbani leo anafanya jambo ambalo mwanamke wa 1675 alinyimwa kwa sheria, wa 1740 kwa bei ya kitambaa, na wa 1860 kwa kukosa maelekezo. Heshima hiyo inamtosha bila kuongezewa hadithi. Na ubishi huu si lazima uishie kwenye maandishi, kwa sababu ushahidi unauzwa kwetu. Kwenye marobota ya mitumba yanayofika Tanzania na Kenya yamo makoti ya sufu, na kwenye miji ya baridi kama Njombe na Limuru yana wateja wake. Ukipata moja lililochakaa, lisilofaa tena kuvaliwa, fumua bitana sehemu ya kifuani uangalie ndani ya kola. Ukikuta kitambaa kilichogandishwa kwa gamu, hilo huenda ni la kiwanda cha siku hizi. Ukikuta singa za farasi zinazochoma vidole, na safu za mishono midogo ya mshazari isiyolingana kabisa, na shingoni hakuna lebo wala dalili kwamba ilikuwapo, basi huenda umeshika koti la kiolezo cha karatasi. Usilitupe, lifumue taratibu, kipande kwa kipande, uvipige pasi na uvichore kwenye karatasi kabla ya kukata sufu yako mwenyewe.